Nani Atamgeuza Mama Saa Nane Usiku?

Mgonjwa akikaribia kuruhusiwa kutoka hospitali, familia nyingi za mjini husema jambo moja: "Tunatafuta mtu wa kumwangalia mama." Simu hupigwa kijijini, ujumbe huwekwa kwenye kundi la ukoo, jirani huulizwa kama anamjua dada mwaminifu. Haipiti wiki, mtu amepatikana. Anaulizwa anatoka wapi, ana mtoto au hana, anataka mshahara wa shilingi ngapi na anaweza kuanza lini. Kuhusu mama mwenyewe anaambiwa tu kwamba ana presha na miguu haina nguvu.

Tuanzie kwenye neno hilo, kumwangalia. Ni neno jema, lakini limebeba kazi nne zisizofanana, na sehemu kubwa ya madhara yanayowapata wagonjwa nyumbani huanzia pale kazi hizo zinapochanganywa.

Ya kwanza ni kazi za nyumbani: kupika, kufua, kudeki, kwenda sokoni. Ya pili ni huduma ya mwili, yaani kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumvalisha, kumbadilisha nepi, kumgeuza kitandani na kumhamisha kwenda kwenye kiti. Ya tatu ni uuguzi: kuchoma sindano, kusafisha kidonda, kutunza mpira wa mkojo, kupima sukari na presha na kujua kipimo kinasema nini. Ya nne ni uangalizi wenyewe, yaani kuwapo macho na kugundua mapema kwamba hali imebadilika. Katika makala haya mhudumu ni mtu anayefanya kazi ya pili na ya nne. Muuguzi ni aliyesomea uuguzi na kusajiliwa. Dada wa kazi ni yule aliyeajiriwa kwa kazi ya kwanza, na mara nyingi sana ndiye anayejikuta amebebeshwa zote nne kwa mshahara uleule.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Ni mfano wa kutunga, ila kila kilichomo ni cha kawaida wodini. Mama wa miaka 74 anaishi Tabata, Dar es Salaam, pamoja na mwanawe na mkwewe, ambao wote wawili wanafanya kazi mbali na nyumbani. Watoto wengine wako Mwanza na Muscat. Mama amepata kiharusi: upande wa kulia hauna nguvu, maneno yanatoka kwa shida. Kisukari na presha anavyo kwa miaka mingi.

Hatua ya kwanza ni kuandika siku ya mama kabla ya kumtafuta mtu yeyote. Familia ichukue kauntabuku na kuzipanga saa. Saa 12 asubuhi anageuzwa na kubadilishwa. Saa 1 sukari inapimwa, insulini inachomwa, kisha uji. Saa 2 dawa za presha. Saa 3 anaogeshwa na kuhamishiwa kwenye kiti. Kabla ya adhuhuri mazoezi ya mkono na mguu, kama mtaalamu wa viungo alivyoelekeza. Uandishi uendelee hivyo hadi usiku, na usiku nao uandikwe, maana ndiyo sehemu inayosahaulika. Kurasa hizo zikijaa, familia itaona kwamba haitafuti "mtu". Inatafuta ujuzi fulani kwa saa fulani.

Sasa tuone kwa nini ujuzi huo una uzito, kwa kutazama mambo yanayoweza kumwendea vibaya mama huyu hata mikononi mwa mtu anayempenda.

Tuanze na kula. Kooni kuna njia mbili zinazokaribiana, moja ya chakula na moja ya hewa. Mtu mzima mwenye afya anapomeza, njia ya hewa hujifunga kwa nukta moja na kufunguka tena. Kiharusi huweza kudhoofisha misuli inayofanya kazi hiyo, na chakula kikateleza kuingia mapafuni. Mgonjwa anaweza kupaliwa na kukohoa, lakini anaweza pia asikohoe kabisa, na baada ya siku chache akapata nimonia. Vitu vyepesi kama maji na chai ndivyo vinavyoteleza haraka zaidi, ingawa wengi hudhani ndivyo rahisi kumeza. Mhudumu anayejua hili humkalisha mama wima, humpa kijiko kidogo, husubiri ameze kabla ya kumpa kingine, na hamlazi mara anapomaliza. Humwacha wima kwa nusu saa hivi. Asiyejua humnywesha chai akiwa amelala huku akimwambia kwa upole, "Kunywa mama, upate nguvu." Upole upo, hatari nayo ipo.

Jambo la pili ni ngozi, na hapa inafaa tukae kidogo. Mtu asiyeweza kujigeuza hulalia sehemu zilezile: mfupa wa mkia, nyonga, visigino, mabega, kisogo. Uzito wa mwili hubana mishipa midogo ya damu kati ya mfupa na godoro. Ngozi isiyopata damu hufa, na kidonda kinachoonekana kidogo juu huweza kuwa shimo kubwa chini. Ndiyo maana wodini hufundishwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2. Watu huambiwa pia watafute wekundu kama dalili ya kwanza, lakini agizo hilo lilitokana na ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huenda usionekane kabisa. Mhudumu anapaswa kupitisha mkono: je, sehemu hiyo ina joto kuliko jirani yake, imekuwa ngumu au laini isivyo kawaida, imevimba, rangi yake imekolea, mama anakunja uso ikiguswa? Mtu aliyefundishwa kutafuta wekundu pekee atasema kwa uaminifu kamili kwamba hakuona kitu, mpaka siku ngozi itakapopasuka.

La tatu ni kuhamisha. Misuli ya mkono uliopooza haina nguvu ya kulishikilia bega mahali pake. Ukimvuta mama kwa mkono huo ili ainuke kitandani, bega linaweza kutoka na maumivu yake yakadumu miezi. Kiti huwekwa upande wake wenye nguvu, mhudumu husimama karibu na upande dhaifu, na nguvu ya kunyanyua hutoka miguuni, si mgongoni. Hili linalinda watu wawili. Mhudumu aliyeumia mgongo mwezi wa kwanza hatamnyanyua mtu mwezi wa pili.

La nne ni dawa. Insulini ikichomwa na mama akakataa uji, sukari hushuka: anatoka jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, anaweza kuzimia. Akiwa bado ana fahamu na anameza, hupewa kitu chenye sukari mara moja. Akishapoteza fahamu hawekewi chochote mdomoni, anakimbizwa hospitali. Vidonge vya presha navyo huachwa mara nyingi kwa sababu mama "anaonekana vizuri", wakati kuonekana vizuri huko ni kazi ya vidonge hivyo hivyo. Na kuna vidonge vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole. Ukivisaga ili avime­ze kwa urahisi, dawa ya siku nzima inaingia mwilini kwa mkupuo. Swali la kumuuliza mfamasia ni moja tu: hiki kinasagwa au hakisagwi?

Kutokana na haya tunaweza kugawa kazi. Kuogesha, kulisha, kugeuza na kuhamisha vinaweza kufanywa na mhudumu asiye muuguzi, mradi amefundishwa na ameonekana akifanya. Vidonda na mpira wa mkojo vinahitaji muuguzi anayepita kwa ratiba. Insulini ya kila siku inaweza kuchomwa na ndugu au mhudumu aliyefundishwa na wauguzi kabla mama hajatoka wodini. Jambo hili la mwisho lina maana kubwa kwa kalenda: mhudumu apatikane kabla ya siku ya kuruhusiwa, ili asimame kando ya kitanda cha hospitali, aone, ajaribu, arekebishwe. Siku 2 za wodini humfundisha zaidi ya maelezo ya simu ya mwezi mzima.

Baada ya ujuzi, tuhesabu saa. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inamhusu mfanyakazi wa nyumbani kama inavyomhusu wa kiwandani, inaweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada haziwezi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki 4, na hulipwa mara moja na nusu. Mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na saa 12 kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Kwa anayeishi kwa mwajiri, makubaliano ya maandishi yanaweza kupunguza hizo 12 hadi 8. Likizo ya mwaka ni siku 28.

Gawanya 168 kwa 45 upate karibu 4. Ongeza saa zote za ziada ambazo sheria inaruhusu, bado unahitaji watu 3. Familia ya Tabata imepanga mtu 1. Hesabu hii haisemi kwamba kila familia iajiri watu 4, kwa kuwa wachache mno wangeweza. Inasema kwamba mtu mmoja akiajiriwa, kuna saa zaidi ya 100 kila wiki ambazo lazima zibebwe na wengine, na zisipogawanywa waziwazi zitamwangukia yeye kimyakimya, kwa sababu analala humo humo ndani.

Fikiria usiku wake. Mama anatakiwa kugeuzwa saa 4, saa 6, saa 8, saa 10 na saa 12. Dada ameamka tangu alfajiri, amefua, amepika, amemnyanyua mama mara sita. Wiki ya kwanza anaamka kila mara. Wiki ya tatu anaamka mara mbili. Wiki ya sita haamki, na asubuhi anaogopa kusema. Kidonda kinapotokea, familia husema amekuwa mzembe. Kwa hesabu tuliyoifanya, uzembe huo ulipangwa siku alipoajiriwa.

Usingizi uliokatwakatwa huvunja uvumilivu pia. Kumpigia mgonjwa kelele, kumvuta kwa nguvu, kumnyima maji jioni ili asikojoe usiku: haya ni mateso na hayana udhuru. Lakini anayetaka kuyazuia lazima ajue yanakochipuka. Mengine hutoka kwa mtu mbaya wa asili. Mengi hutoka kwa mtu wa kawaida aliyeachwa peke yake, amechoka, bila wa kumpokea.

Sasa tunaweza kumtafuta mtu, na njia ni tatu. Ndugu wa kijijini huja na uaminifu wa ukoo, lakini si rahisi kumkosoa wala kumwondoa, na mara nyingi halipwi vizuri kwa kuwa "ni wa nyumbani". Muuguzi anayefanya kazi ya ziada ana ujuzi, lakini hospitali ndiyo mwajiri wake wa kwanza. Wakala anaweza kuleta mtu haraka na kumbadilisha haraka. Kwa Tanzania wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe amesajiliwa, basi mwulize cheti chake, kisha umwulize jambo ambalo wengi hawamwulizi: mhudumu akiugua leo, kesho atakuja nani, na huyo atakayekuja ataelezwa na nani habari za mama?

Nyaraka nazo tuzitazame kwa kile zinachothibitisha. Kitambulisho cha taifa cha NIDA kinathibitisha mtu ni nani. Barua ya serikali ya mtaa inathibitisha anajulikana anakoishi. Wadhamini 2 wenye namba za simu wanathibitisha kuna watu walio tayari kusimama naye. Akijiita muuguzi, jina lake lazima liwe kwenye daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga, na leseni yake iwe hai. Hilo huulizwa barazani, halisomwi kwenye sare. Hakuna hata karatasi moja kati ya hizo inayothibitisha kwamba anajua kumlisha mgonjwa wa kiharusi. Aliyemwajiri kabla anaweza kulithibitisha, kwa hiyo apigiwe simu, na swali lisiwe "Alikuwa mzuri?" Aulizwe: "Mzee alipokuwa kwake, aliwahi kupata kidonda? Aliwahi kuanguka? Alikwambia mwenyewe, au uligundua?"

Kisha mwombaji aonyeshe badala ya kueleza. Mwambie, "Dada, hebu mgeuze mama kama unavyofanya siku zote," na utazame. Je, alimwambia mama anachotaka kufanya kabla ya kumgusa? Alinawa mikono? Alimfunika alipomfunua? Muulize, "Mama akipaliwa na uji, utafanya nini?" Anayejibu, "Sijui, nitakupigia simu kwanza," ameonyesha unyofu na anaweza kufundishwa. Wa kuogopewa ni yule anayejua kila kitu. Siku 3 za mwanzo mtoto mmoja wa mama achukue likizo akae nyumbani, wafanye kazi pamoja.

Mama aulizwe pia. Kiharusi kimemchukulia maneno, hakikumchukulia akili wala aibu yake. Suala la stara lina nafasi yake ya kwanza hapa: mama wengi hawatakubali kuogeshwa na mwanamume, na baba wengi hawatakubali kuogeshwa na mkwe wala binti. Mgonjwa anayeona aibu hukataa kuoga, hupunguza kunywa maji, huficha kidonda. Kuheshimu haya yake ni sehemu ya usalama wake. Anayeweza kutikisa kichwa anaweza kuulizwa anamtaka nani.

Linabaki suala la jicho la pili. Huduma ya wagonjwa majumbani ilienea Tanzania wakati wa UKIMWI, kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana kwa wingi. Wahudumu wa kujitolea walifundishwa, wakapewa mikoba ya vifaa, na mipango iliyofanya vizuri ilimweka msimamizi kutoka kituo cha afya, aliyepita kuwaona wao na wagonjwa wao. Tulipohama kutoka kwa wa kujitolea kwenda kwa wa kulipwa nyumbani kwetu, mshahara uliongezeka na msimamizi akapotea. Familia ina wajibu wa kumrudisha: muuguzi anayekuja mara moja kwa wiki, amvue mama nguo, atazame ngozi yote, asome vipimo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu naye ajue kwamba nyumba hii ina mgonjwa.

Kati ya ziara moja na nyingine kuna kauntabuku. Kila saa inayopita na neno lake: amegeuzwa, amekula kiasi gani, mkojo, choo, sukari, dawa. Mhudumu aambiwe tangu mwanzo kwamba daftari ni kinga yake pia, na kwamba kuandika "sikuamka saa 8" hakutamfukuzisha kazi. Daftari lenye makosa yaliyoandikwa ni salama kuliko lile safi linalojazwa asubuhi kwa mkupuo.

Mtoto aliye Muscat atapiga simu ya video. Afanye hivyo, ila akumbuke nani ameshika simu. Mama hawezi kulalamika kuhusu mtu anayemshikia kioo mbele ya uso. Jirani aingie mara kwa mara bila miadi, akae na mama peke yake nusu saa, na mhudumu apate muda huo wa kunyoosha mgongo. Kamera nayo huonyesha tendo na haionyeshi sababu; ikiwekwa, mhudumu aambiwe, na isiwekwe anapoogeshewa mama.

Baada ya kupita hatua hizo, hukumu kwa familia ya Tabata ni hii. Waajiri mhudumu 1 aliyefundishwa wodini, saa 9 kwa siku, siku 5, kwa mkataba wa maandishi na siku zake za kupumzika. Kazi za nyumbani wampe mtu mwingine. Watoto walio mbali walipie mtu wa zamu ya usiku, au wa Tabata wagawane usiku na mwisho wa wiki kwa majina, na walio mbali walipie muuguzi wa kila wiki. Kama hakuna fedha wala watu wa kufanya hivyo, mkutano wa ukoo uitwe mama akiwa bado hospitali, na daktari aambiwe ukweli kabla ya kusaini karatasi ya kumruhusu. Mhudumu mmoja wa saa 24, hata awe na moyo wa dhahabu, si huduma salama.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujapiga simu kijijini, chukua karatasi uandike "saa 8 usiku". Mbele yake andika jina la mtu atakayeamka, na ajue kwamba ameandikwa.